Matope Hayakuapa

Mume wa Youa alirudi kutoka vitani bila roho, na Youa, mwenye nguruwe wanne wa kulisha na gunia la mahindi ya kupukuchua, hakuwa na nafasi ya kukaa chini alie. Aliupokea mwili mlangoni, akautua mzigo, akauketisha karibu na moto, akauita: "Chue." Mwili haukugeuka. Akaita tena, "Baba Mee," kwa jina la binti yao, jina ambalo baba yeyote huligeukia hata akiwa amelala fofofo. Mwili ukaendelea kutazama moto kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Basi Youa akajua. Mke hujua nyumba ina mtu au haina hata kabla ya kupiga hodi.

Vita alivyotoka Chue vilikuwa Vita Visivyokuwepo. Hilo ndilo lilikuwa jina lake, au tuseme ndilo lililokaa mahali pa jina. Vilipiganwa na Wahmong wa mlima mzima kwa bunduki za watu wa mbali, na watu hao wa mbali hawakutaka ijulikane kwamba wana bunduki huko. Wanaume walikwenda asubuhi wakiwa wengi, wakarudi jioni wakiwa wachache, na kati ya asubuhi na jioni hiyo miaka ilipita. Mlimani hapakuja tena kitu kwa miguu. Kila kitu kiliangushwa na ndege kwa mwavuli: mchele, chumvi, masanduku ya risasi, hata siku za juma. Kuna mara Ijumaa tatu zilianguka kwa pamoja zikatoboa paa la banda la kuku, na juma lililofuata watu wakakaa bila Jumatatu mpaka wakazoea. Watoto waliozaliwa wakati huo walijua kwamba mchele huota mbinguni. Mee, aliyekuwa na miaka sita au tisa kutegemea na kilichoangushwa, alimwuliza mama yake kwa nini watu wa juu hawasafishi shamba, maana mchele wao una mawe.

"Kwa sababu hawali wao," Youa alimjibu. "Chagua mawe, nyamaza."

Kitu kimoja tu hakikuangushwa na ndege, nacho ni mwezi. Kwa hiyo wanawake walihesabu kwa mwezi. Chue alirudi mwezi ukiwa mwembamba kama ukucha. Na Bibi Kao, mwita roho wa kijiji, alikuwa amesema tangu zamani bila kumung'unya maneno: roho iliyoanguka kwa mshtuko, ikikaa mwezi mzima huko ilikoanguka, huzoea. Hupata kazi nyingine. Huwa panzi, huwa mzizi, huwa mtoto wa watu wengine. Mwili uliobaki nyumbani hukauka polepole kama kibuyu kisichotiwa maji, halafu asubuhi moja unaukuta umepasuka.

Youa alipokwenda kwa Bibi Kao mwezi ulikuwa umeshajaa na umeliwa mpaka kubaki kipande.

"Umechelewa," alisema Bibi Kao. Alikuwa anachambua majani ya haradali mapajani.

"Nilikuwa navuna, Bibi."

"Hiyo ni sababu. Yai unalo?"

"Ninalo. Na jogoo, na bakuli la mchele, na ubani."

"Na njia?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kuita roho si kupiga kelele mlangoni. Roho ni kama kuku: utatawanya mahindi uwanja mzima, haiji mpaka ujue iko kichaka kipi. Mwitaji husimama kizingitini, yai limesimama wima kwenye mchele, naye huitaja njia kipande kwa kipande, tangu pale roho ilipoanguka mpaka jikoni kwa mwenyewe: vuka mto fulani, panda kilima fulani, usilale kwa watu fulani, sasa kata kushoto. Roho isiyotajiwa njia husimama njia panda, inasikia sauti ya nyumbani kutoka pande zote, haijui ifuate ipi.

"Alianguka wapi?" Bibi Kao aliuliza.

"Hasemi."

"Wewe ni mkewe. Mbane."

"Nimembana. Ameapishwa. Walimtia kidole gumba kwenye wino, wakamwambia hakuna mahali kama hapo alipokwenda. Nikimwuliza, midomo inajifunga yenyewe kama mlango kwenye upepo."

Bibi Kao akatupa jani lenye kiwavi. "Basi kamwulize aliyemwapisha. Mimi siwezi kumwita mtu kutoka mahali pasipokuwepo. Nitasimama nimetazama wapi?"

Kiwanja cha ndege kilikuwa chini ya kijiji. Hakikuwa na jina. Kilikuwa na namba, na namba yenyewe ilibadilishwa kila mtu mmoja zaidi alipoijua. Ndani ya kibanda cha mabati alikaa Neng, Karani wa Vita Visivyokuwepo, nyuma ya meza ya masanduku ya risasi, shati limenyooka pasi. Alikuwa wa ukoo mmoja na Youa, na kwa desturi ya Wahmong hilo lilitosha kumfanya kaka yake, hata kama hawakuwahi kula sahani moja.

"Karibu, dada. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Kaka Neng, nataka jina la mahali alikopigana mume wangu."

"Alikopigana na nani?"

"Usinichezee. Vitani."

"Vita vipi, dada?"

Ndege ikapita juu yao. Karatasi zikaruka; wote wawili wakazikandamiza kwa viwiko, wakangoja kama watu wanaongoja mtu akohoe amalize.

"Vita hivyo," alisema Youa, akionyesha juu.

Neng akatazama dari. "Huo ni upepo."

"Upepo unaoleta mchele?"

"Siku hizi, ndiyo."

Ukutani palikuwa na ramani kubwa iliyowekewa fremu nzuri, nyeupe pe, bila hata kijito. Youa akauliza ni ya wapi. Neng akasema ni ya huku. Akauliza mbona haina kitu. Neng akasema ni kwa sababu huku hakuna kitu. Halafu akainuka, akafunga mlango, na sauti yake ikashuka ikawa ya mtu wa nyumbani.

"Dada, majina hayo yote ninayo hapa." Akagusa koo. "Nalala nayo kama miiba ya samaki. Nikitema mmoja, wananiondoa, wanaleta mtu asiyemjua mama yako wala wangu. Na nyumba inayotaja majina, ya mahali au ya watu, haiangushiwi tena mchele. Si langu hilo. Limeandikwa."

"Basi andika pia kwamba Chue hakwenda popote, nirudishiwe miezi kumi na minne."

"Miezi hiyo haikuwepo."

"Mbona nililima peke yangu ndani yake?"

Neng akafungua sanduku lililokuwa chini ya meza. Akampa kopo la maziwa, kama watu wanavyotoa kitu wanapoona aibu, na Youa akalipokea. Aibu ya mtu isikulaze na njaa.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, ingawa ilikuwa ile ile, na Youa akatembea akiwaza, jambo ambalo hakulipenda kwa sababu halina mwisho, tofauti na kupalilia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hilo kila mtu analijua. Lakini lisilosemwa? Likikaa kimya muda mrefu, huondoka? Au hubaki pale pale limesimama, limechoka miguu, likingoja mtu mmoja tu alitaje? Alifikiria nani mwenye nguvu zaidi, mwenye bunduki au mwenye kifutio. Mwenye bunduki humwua mtu mara moja, na ndugu zake huja wakamzika, wakajua kaburi liko upande gani wa mto. Mwenye kifutio humwondolea hata mahali pa kufia. Lakini kifutio nacho kina udhaifu wake: lazima kitu kiwe kimeandikwa kwanza. Kisichoandikwa hakifutiki. Na wao mlimani tangu lini waliandika kitu? Na mimi je? Mke wa mtu asiyekwenda popote. Niliyemlisha mtoto kwa upepo. Niliyelima ndani ya miezi isiyokuwepo. Nipo? Akajipapasa. Kiuno kinauma. Basi nipo. Na kama nipo, nina nguo za kufua.

Mzigo wa Chue ulikuwa bado nyuma ya mlango. Ndani yake mlikuwa na suruali moja, matope yameshikana juu yake kiasi kwamba Youa alipoitua kando ya kijito ilisimama yenyewe, magoti yamekunjika kidogo, kama mtu anayefikiria kuketi. Hata mtu asiye na roho anahitaji suruali safi. Alishika magadi, akaishika suruali kiunoni aizamishe, na mkono ukakataa.

Ukakataa kwa sababu ulikuwa mkono wa mkulima. Kwa watu wake shamba halichaguliwi kwa macho. Huchaguliwa kwa ulimi. Unapanda mlima, unachimba kidogo kwa kisu, unaonja. Udongo mtamu una chokaa, na chokaa huzaa. Udongo mchachu ni wa msonobari, mwachie msonobari. Youa alifundishwa na baba yake, na aliolewa kwa sifa ya ulimi wake kabla ya sifa ya sura. Hakuna kilima cha siku nne kwenda na siku nne kurudi ambacho hakuwahi kukitia mdomoni.

Akachukua kisu. Akaubandua udongo wa juu kwenye pindo la suruali, akauweka ulimini, akafumba macho.

Mchachu. Sindano za msonobari. Huo ni ukingo ulio juu ya kijiji, Chue alikopita siku ya kurudi. Akatema, akasukutua, akabandua tabaka la pili. Tamu! Chokaa, ile ya mapango ya mashariki, na alipoimeza kidogo kwa bahati mbaya akajikuta ana miaka kumi na mitatu, baba yake amesimama mbele yake na jembe begani, anamwuliza, "Haya, tulime au tusilime?" Akamjibu, "Tulime, baba," na baba akaridhika, akaondoka. Tabaka la tatu lilikuwa jekundu, lenye ladha ya kisu chenyewe: kivuko cha mto wanaouita wa chuma. La nne lilikuwa jeusi, na chini yake hapakuwa na kitu tena isipokuwa kitambaa na mishono aliyoishona yeye Youa.

Aliliweka la nne ulimini, akafumbua macho.

Chumvi.

Akaonja tena. Udongo wa mlimani hauna chumvi. Chumvi huangushwa kwa mwavuli ndani ya mfuko. Hii haikutoka kwenye mfuko. Hii ilikuwa chumvi ya watu, jasho la wanaume wengi waliosimama mahali pamoja muda mrefu wakizuiwa kukimbia. Nyuma ya chumvi palikuwa na uchungu kidogo wa majani ya bwawa, na bwawa lenye majani hayo, ng'ambo ya mto wa chuma, lipo moja tu. Youa akakaa chini kwenye jiwe, mdomo mweusi kama mtoto aliyeiba zambarau, akacheka peke yake. Walimwapisha mdomo. Walimwapisha kidole gumba. Matope hayakuapa.

Asubuhi iliyofuata mwezi ulikuwa kipande chembamba upande wa pili wa anga, na Bibi Kao alikuwa kizingitini na ubani unafuka.

"Miaka hamsini naita roho," alisema, "sijaletewa njia iliyotoka kwenye suruali."

"Haitafaa?"

"Njia ni njia. Jogoo yuko wapi?"

Jogoo alishikwa na Blia, jirani wa Youa, aliyekuja kusaidia. Mume wa Blia, Wa Meng, aliondoka pamoja na Chue na hakurudi. Neng alikuwa amemletea Blia karatasi inayosema kwamba Wa Meng hakuwahi kuondoka, kwa hiyo Blia aliendelea kupika kwa ajili ya watu wawili, na chakula cha mmoja kikawa kinaliwa na mbwa. Mwili wa Chue waliuketisha kwenye kigoda, umeelekea mlango.

Bibi Kao akaita. Akaitaja njia vizuri, tangu bwawa lenye tope la chumvi, akavusha mto wa chuma, akapitisha mapangoni, akapandisha msonobarini. Lakini alipofika kwenye jina la Chue, macho yake yalikwenda chini kiwanjani, kwenye kibanda cha mabati, naye akalimeza. Akasema tu, "Wewe baba uliyebaki kwenye tope la chumvi, njoo nyumbani." Youa alisikia. Alifikiria mchele, akaacha lipite.

Mwili wa Chue ukainua kichwa. Ukavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini.

"Blia," ulisema, "umeniwekea pilipili?"

Blia akamwachia jogoo. Jogoo akakimbilia chini ya kitanda, na hakuna aliyemfuata.

"Wa Meng?"

"Nani mwingine? Nimesikia 'baba', nimekuja." Akageuza mikono ya Chue akaitazama. "Mbona mirefu hivi?"

"Si yako. Umeazima."

"Ah." Akafikiri. "Tulisimama kwenye tope lile siku tatu, Blia. Mimi sikutoka."

"Najua."

"Hujui. Wamekuandikia kwamba sikwenda."

"Wameandika wao. Mimi ndiye niliyekuwa napika." Blia akajifuta pua kwa kiganja. "Unaumwa?"

"Hapana. Nimechoka kusimama tu."

"Umeketi sasa. Ngoja."

Akaenda kwake, akarudi na wali na pilipili iliyotwangwa na majani ya giligilani, akamlisha. Youa akasimama akautazama mdomo wa mumewe ukila kutoka mkono wa mwanamke mwingine, ukisifia pilipili ambayo Chue hakuiweza hata siku moja, na akaona hana wivu. Aliona kwamba huu ni ugeni, na mgeni hupewa nafasi.

Sahani ilipokwisha, Blia alisema, "Sasa nenda. Nitakupigia zumari la mianzi la maziko siku tatu. Nitakutajia kila nyumba tuliyokaa, kurudi nyuma, mpaka pale mama yako alipokuzalia. Nilikuwa sijui pa kuanzia. Sasa napajua."

"Utalitaja na jina?"

"Kwa sauti."

"Na mchele?"

"Tutalima, Wa Meng. Tulikuwa tunalima kabla anga haijaanza kulima."

Wa Meng akacheka kwa kifua cha Chue, akamtazama mkewe kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu mbele za watu, halafu macho yakawa matupu tena. Blia akaweka sahani chini. Kisha akamgeukia Bibi Kao.

"Bibi, umeita baba. Mlima mzima huu ni baba. Ita mtu."

"Niliogopa," alisema Bibi Kao. Hakujitetea. "Nyumba si yangu, mchele si wangu. Mwenye nyumba aseme."

Youa akaja kizingitini. Mwezi ulikuwa unayeyuka kwenye mwanga, na baada ya huo hapakuwa na mwingine. Akajaza kifua, akapaza sauti ile ya kuita mtu aliye shamba la mlima wa pili.

"Chue! Chue mwana wa Cher Pao, wa ukoo wa Xiong! Baba Mee! Mume wangu mimi Youa! Toka kwenye tope la chumvi! Vuka mto wa chuma, maji hayajafika kiunoni! Pita mapangoni kwenye udongo mtamu, usilale humo! Panda msonobarini, ukingo ni huu! Hapa ni kwako, moto unawaka, njoo!"

Sauti ikashuka bondeni, ikagonga mabati ya kiwanja, ikarudi. Neng akatoka kibandani na daftari lake. Walimwona akipanda mlima taratibu, shati likilowa. Hakuna aliyekimbia. Mee alimletea kigoda, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

"Nani ametaja jina hapa?" aliuliza Neng, akihema.

"Mimi," alisema Youa.

"Na njia?"

"Mimi."

Neng akatazama yai. Akautazama mdomo wa dada yake, ambao bado ulikuwa na weusi pembeni. Alilamba ncha ya penseli, akaandika, na kwa kuwa taratibu zilimtaka asome alichoandika mbele ya wahusika, akasoma: "Asubuhi ya leo hakuna mwanamke aliyeita. Hakuna jina lililotajwa. Hakuna lolote lililotokea katika mahali pasipokuwepo." Akafunga daftari. "Ndivyo nilivyofundishwa kuandika," alisema. "Endelea, dada. Mtaje tena, kwa sauti zaidi. Mto ule una kelele sana."

Basi Youa akaita tena, na mara ya tatu. Bibi Kao akatupa chini vipande viwili vya pembe ya nyati anavyopigia ramli, kimoja kikalala kifudifudi na kingine chali, ishara kwamba aliyeitwa amefika. Akafunga uzi mweupe kwenye mkono wa Chue ili roho isitoke tena, akakaza fundo kwa meno.

Hakuna kilichotokea kwa muda wa mtu kumeza mate mara mbili.

Kisha macho ya Chue yakatoka kwenye moto. Yakapita kwa Bibi Kao, yakapita kwa Neng, yakatoka nje ya mlango mpaka kwenye zizi la nguruwe, yakatulia huko, yakakunjamana.

"Mama Mee," alisema kwa sauti yake mwenyewe, iliyokwaruza. "Nani amefunga lile lango?"

"Mimi."

"Kwa kamba ya mwavuli?"

"Ndiyo iliyokuwepo."

"Hilo si fundo. Hilo ni kiota cha ndege. Nguruwe mwenye akili atalifungua kwa pua."

"Miezi kumi na minne hajalifungua."

"Basi nguruwe wetu ni wajinga."

"Wametoka kwa upande wa mama yako."

Blia akaangua kicheko akakaa chini kabisa, sakafuni. Chue akainuka, akishika ukuta, akatoka akaenda kwenye zizi, na Youa akamfuata akimweleza kwamba mtu asiyekuwepo siku ya kufunga hana haki ya kusema siku ya kufungua, naye akimweleza kwamba fundo ni fundo awepo mtu asiwepo, na wakabishana hivyo, mmoja ameshika mwisho huu wa kamba na mwingine mwisho ule, mpaka harufu ya mboga inayoungua ikawafikia kutoka jikoni, na hakuna aliyeachia.